Laini ya Munyithya

Ujumbe uliingia saa nne na robo,
miwani nyeusi usoni, nachomelea mlango wa duka
la mtu wa Umoja ambaye hajatoa hata arabuni.
Simu ililia ndani ya kopo la misumari,
kabambe ya baba, mgongo umefungwa kwa raba,
namba tano imefutika kwa kubonyezwa.
Kila mwezi naitia salio la shilingi kumi
ili laini isikatwe,
ili asife mara ya pili.

"Ndugu MUNYITHYA NZAU, umepokea Sh. 7,200.
Msaada wa dharura kwa wakulima. Ukame."

Ukame!
Kariobangi nzima ilikuwa inaelea.
Nyaboke amepandisha magunia ya mahindi juu ya meza,
mto umeturudishia kila tulichoutupia,
viatu, chupa, mlango wa jokofu,
nami nimesimama juu ya matofali mawili
umeme usije ukanirusha,
nasoma kwamba serikali imesikia
kuwa kwetu Mutomo hakujanyesha.

Imesikia, sikatai.
Fomu ina mguu mzito.
Ilitoka kwa chifu, ikalala Kitui,
ikapanda hadi huku Nairobi, ikakaa mezani kwa mtu
kwenye moja ya zile ghorofa ninazoziona
nikienda mjini kununua vyuma.
Nimepita chini ya dirisha lake mara ngapi
na bomba begani?

Siku ya kuandikishwa nilikuwepo.
Karani ameketi kwenye kiti cha kanisa:
ekari ngapi, mbuzi wangapi wamekufa.
Majirani walishanong'onezana, sema ishirini,
hawa hukata nusu.
Baba akasema sita.
Akaanza kuwataja kwa majina.
"Mzee," karani akasema, "majina hayana nafasi humu."
Mwezi wa tatu akafa yeye, wa saba,
fomu imeshafungwa.

Ikabaki namba ya siri.
Nilijaribu mwaka wake wa kuzaliwa: siyo.
Mwaka wa kifungua mimba wake, yaani mimi: siyo.
(Iliniuma kidogo, sitaficha.)
Jaribio moja tu, kisha laini ifungwe.
Nikaketi juu ya mtungi wa gesi, maji yakipita kati ya miguu,
nikakumbuka njaa ile ya ujana wake,
noti mfukoni na duka halina punje,
wazee wakaipa jina Nikw'a Ngwete,
nafa nimeshika.

Moja, tisa, nane, nne.

Ikafunguka.

Nilimtumia mama elfu saba.
Ada ikala yake, chenji nikaiacha humo humo,
laini ya mtu haiachwi tupu.

Mama hasomi. Alimwita Mwende wa jirani, wa darasa la tatu,
naye akasoma kwa sauti ya shule,
kila neno limesimama peke yake:
Umepokea. Shilingi. Elfu. Saba.
Kutoka. Kwa. Munyithya. Nzau.

Nusu saa nzima kimya.
Nilirudi kwenye mlango wangu
nikachomelea bawaba upande usio wake.

Kisha akapiga. Si namba yangu.
Alipiga ile iliyo kwenye kopo.
Pesa hakuzitaja.
"Huku imenyesha," alisema. "Nimepanda kunde na pojo
pale ulipokuwa ukinibishia.
Boma la mbuzi limeota majani,
sijui nilime au niliache."

Mvua ikazidi juu ya mabati, yaliyofuata sikuyasikia.
Nilijua alikuwa anangoja.
Nami, Mungu anisamehe,
nikaguna mara moja, chini chini,
jinsi alivyokuwa akiguna yeye.